Sauti Isiyozidi Tatu Nukta Tisa

Baba alipotolewa kongomeo katika hospitali moja ya Maskati, alirudi nyumbani Nizwa akiwa mzima wa mambo yote. Anakula, anatembea, anaswali, anagombana na televisheni. Ila hana sauti. Pumzi ilikuwa ikiingia na kutoka kwa tundu walilomwachia chini ya shingo, na midomo ikawa inacheza bure. Wengine wakifikwa na hayo hunyamaza. Baba hakunyamaza. Aliendelea kusema kwa midomo tu, na mama, aliyeishi naye tangu ujana wao, akajipa kazi ya kutufasiria.

Tatizo ni kwamba mama alikuwa hafasiri. Alikuwa anakisia.

"Anasema amechoka, anataka kujinyoosha," aliwaambia siku moja wageni waliotoka Bahla kuja kumjulia hali. Wageni wakainuka kwa heshima, wakaaga. Baba akawa anapunga mikono miwili kama anayefukuza nyuki, nao wakadhani anawaaga. Mlango ulipofungwa alivuta ubao mweupe mdogo tuliomnunulia, akaandika kwa kalamu ya wino: Nilisema wapeni kahawa nyingine.

Mama aliusoma, akamrudishia. "Macho yako yalikuwa ya usingizi," alisema.

Ilikuwa hivyo kila siku. Mimi naishi Ibra, nasomesha hisabati katika skuli ya wasichana, na kila Alhamisi nikitoka kazini hupita njia ya Mudhaibi kwenda kwao hadi Jumamosi. Nilikuwa nikifika nawakuta wamenuniana. Mmoja amelalamika kwa ubao, mwingine amejibu kwa mdomo, na anayejibu kwa mdomo siku zote ndiye anayemaliza kwanza. Baba, aliyekuwa hashindwi maneno na mtu, alikuwa akishindwa na kalamu inayokauka.

Tulijaribu mengine. Hospitali ilimpa kidude cha kubana shingoni kinachotetemeka na kugeuza midomo kuwa mlio. Alikijaribu mara moja, akajisikia anavyonguruma kama mashine ya kunyolea, akakirudisha kwenye boksi lake na kulifunga. Tukamwekea simu inayosoma anachoandika. Kwa Kiarabu ilikwenda vizuri, akaitumia dukani na msikitini. Lakini nyumbani kwetu, kwa wazee waliotoka Unguja, Kiarabu ni lugha ya mlangoni. Mtu akiingia ndani anaivua pamoja na viatu. Baba alitaka kugombana kwa Kiswahili, na Kiswahili cha simu ile kilikuwa cha mwanamke anayesoma taarifa ya habari. Alimwuliza mama chumvi iko wapi, na ile sauti ikauliza kama inayotangaza matokeo ya uchaguzi. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakuigusa tena.

Ndipo mdogo wangu wa kiume, ambaye anakaa Sur na kazi yake ni kompyuta za kampuni moja huko, akaniletea kwenye simu kiungo cha ukurasa mmoja wa intaneti. Kuna mwanafunzi, alisema, amekusanya sauti za watu wa Unguja akatengeneza programu inayosoma maandishi yoyote ya Kiswahili. Ni ya bure, haihitaji intaneti, na kuna sauti ya mwanamume mtu mzima. Ila haina dirisha wala vitufe. Unafungua kile kiwambo cheusi cha kompyuta, unaandika amri, nayo inasema.

Ukurasa wake ulikuwa na mifano ya kusikiliza. Nilimchezea baba mmoja. Sauti ya mtu wa makamo, yenye mikwaruzo kidogo, ikasema kwa utulivu, "Bwana, mimi siendi huko, jua kali."

Baba akaniashiria nirudie. Nikarudia. Akaniashiria tena. Kisha akaandika kwenye ubao: Huyu. Akapiga mstari chini yake.

Basi nikawa nimeahidi, ingawa sikutamka ahadi yoyote.

Kompyuta alikuwa nayo tayari. Mdogo wangu alimnunulia mpya na kuijaza kila kitu kipya, akijivunia kwamba ndani yake hamna cha zamani hata kimoja. Ijumaa hiyo, baada ya watu kurudi msikitini na chakula kuondolewa, niliiweka juu ya meza ya sebuleni, baba akavuta kiti karibu yangu, mama akakaa na kapu lake la ndimu. Maelekezo yalikuwa mstari mmoja tu. Unauandika, unabonyeza, na programu inajishusha yenyewe na kujipanga. Niliuandika. Kiwambo kikatiririsha maandishi kwa kasi, kikatulia, halafu yakatoka maandishi mekundu.

Baba aliandika: Tayari?

"Bado, baba."

Niliyasoma yale mekundu taratibu. Programu ile imeandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Python, na ili iende ni lazima Python yenyewe iwemo kwenye kompyuta, kama kaseti inavyotaka redio ya kaseti. Na haitaki Python yoyote tu. Ilitaka toleo lisilopungua 3.7 na lisilozidi 3.9. Kompyuta ya baba, yalisema yale maandishi, ilikuwa na 3.12.

Sasa, mimi ni mwalimu wa hisabati. Nimewafundisha watoto wa watu desimali tangu nina nywele nyeusi tupu. Tatu nukta moja mbili ni ndogo kuliko tatu nukta saba. Hilo halina mjadala. Kwa hiyo nilielewa mara moja kwamba Python ya baba imepitwa na wakati. Nikamlaani mdogo wangu kimoyomoyo kwa kujigamba kwake, nikaenda kwenye ukurasa wa Python, nikabonyeza panapotoa toleo jipya kabisa, nikangoja lishuke. Intaneti ya nyumbani kwa wazee ni ya kuangalia hali ya hewa. Baba alilala kitini, akaamka. Toleo likaingia. Nikaandika tena ule mstari.

Mekundu yaleyale. Sasa yakasema nina 3.13.

Nilikaa nikaiangalia ile namba. Nimeshusha kitu kizito chote kile na nimepanda sehemu moja ya mia. Nilifikiri, kwa mwendo huu lini nitafika 3.7?

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Inataka Python nyingine."

"Python ndiyo nini?"

"Lugha ya kompyuta, mama. Kwa Kiingereza ni jina la nyoka. Chatu."

"Audhubillahi," mama alisema, akaendelea kukata ndimu. "Na mnataka mumtie babaenu hicho."

Nilimpigia mdogo wangu Sur. Nilimweleza kwa utaratibu wa mwalimu: inataka kati ya 3.7 na 3.9, hapa palikuwa na 3.12, iko chini, nimeipandisha, bado iko chini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, na nilimsikia akiiweka simu mbali ili acheke vizuri.

"Dada," alisema aliporudi, "ile si desimali."

"Kama si desimali ni nini? Ina nukta."

"Ni tatu, halafu kumi na mbili. Kama sura na aya. Sura ya tatu, aya ya kumi na mbili. Aya ya kumi na mbili inakuja baada ya aya ya tisa, au siyo? Yako ni mpya sana. Na wewe umeifanya mpya zaidi."

Sijui ni mtu gani aliyekaa akaamua kwamba namba yenye nukta isomwe kama msahafu bila kuwaambia walimu wa hisabati. Nimejaribu kumsamehe na bado.

"Sasa nifanye nini?"

"Rahisi. Weka version ya zamani tu, tatu tisa. Kitu hii rahisi sana, dada."

Simu ilikuwa kwenye spika. Baba aliandika na kuniinulia ubao: Kitu hiki.

"Baba anasema kitu hiki," nilimwambia.

"Mwambie pole. Kitu hiki rahisi sana."

Niliitafuta 3.9, nikaishusha, nikaiweka. Jua lilikuwa limekwishahama upande wa pili wa nyumba. Niliandika ule mstari kwa mara ambayo sitaki kuihesabu, nikabonyeza.

Mekundu. Una 3.13.

"Hapana," niliiambia kompyuta kwa sauti. "Ninayo tatu tisa. Nimekuwekea sasa hivi."

Mama alikuwa amemaliza ndimu na alikuwa akinitazama mimi badala ya kompyuta. Aliuliza swali ambalo nilikuwa nikilikwepa. "Kuna kilichoharibika?"

"Hapana."

"Kompyuta nzima?"

"Nzima."

"Na hiyo programu ya kijana, nzima?"

"Nzima, mama."

"Basi mbona haifanyi kazi?"

Nilijaribu kumweleza kwamba kila kimoja kizima, ila havipatani. Mama alisema hiyo anaijua, ameiona kwenye ndoa nyingi, lakini kwenye ndoa unaita wazee. Mimi niliita tena Sur, na simu haikupokewa. Nilimpigia na mara nyingine. Baadaye aliniambia alikuwa akioga, na nilimwambia sikuuliza.

Baba alikuwa ameandika kitu kirefu, kwa mwandiko wake wa skuli za zamani, herufi zimelala upande mmoja. Akanigeuzia: Mimi nilikuja nchi hii sijui Kiarabu cha huku, watu wakinicheka sokoni, na nikakisoma. Hicho kidude kimeshindwa kusoma lugha ya juzi tu?

Nilifunga kompyuta. Jumamosi nilirudi Ibra nimekunja uso hadi Mudhaibi, nikasimama kununua maji, na muuza duka akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kompyuta. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Katikati ya wiki mdogo wangu aliniandikia maelezo. Sasa, alisema, kompyuta ya baba ina Python tatu: ile aliyoiweka yeye, ile niliyoipandisha na ile ya zamani. Ukiita Python bila kutaja namba, anakuja yule kompyuta inayemtanguliza, na kompyuta hii inamtanguliza mpya. Ni lazima umwite kwa namba yake. Nikamwandikia: Kwa nini hukuniambia Ijumaa? Akajibu: Hukuniuliza. Ni ndugu yangu na nampenda.

Nikamwambia simtaki kwa simu. Nilimtaka aje mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata alikuja, safari yote ile kutoka Sur, akazunguka kwa Bidbid kwa sababu alikuwa na mtu wa kumwona njiani. Alifika na mkate wa kumimina aliofungiwa na mkewe, akamwinamia baba, akambusu paji la uso, kisha akakaa mbele ya kompyuta kama daktari anayejua ugonjwa kabla ya kumwona mgonjwa. Aliviliza vidole. Akaanza kuandika kwa kasi ambayo mimi sina.

"Ona dada. Naita py, halafu namba, tatu tisa. Basi. Imekuja ile tunayotaka."

Ilikuja kweli. Niliona 3.9 kwenye kiwambo na nikahisi hasira zangu zikilegea.

"Sasa naiwekea mstari wa programu." Aliandika. Ikatiririka. Ikatiririka sana, kuliko nilivyowahi kuona. Halafu ikatulia, na hapakuwa na mekundu.

"Mabruk," alitupongeza mdogo wangu, akainuka kwenda kunawa mikono ale.

"Kaa kwanza," nilimwambia. "Iambie iseme."

Akakaa. Akaandika amri ya kuisemesha. Yakatoka mekundu mengine kabisa, marefu, yaliyojaza kiwambo juu hadi chini.

Baba akaangalia kiwambo, akamwangalia mwanawe, akafuta ubao polepole kwa kiganja. Hakuandika kitu. Ilikuwa mbaya kuliko kama angeandika.

Kilichotokea, kwa jinsi nilivyokielewa, ni hiki. Programu ya yule mwanafunzi haikusimama peke yake. Iliazima kazi za programu nyingine ndogondogo, na hizo nazo zina matoleo. Ilipojishusha ilizichukua zile mpya zilizopo leo, na mwanafunzi alipoandika yake hizo hazikuwepo. Mdogo wangu aliirudisha moja kwenye toleo la zamani, nyingine ikalalamika kwamba sasa hiyo ni kuukuu mno kwake. Akairudisha nyuma na hiyo. Ya tatu ikakataa. Kisha akagundua kwamba alizoziweka zimechanganyika na vitu vyake vingine kwenye kompyuta, na kile kijiprogramu cha picha alichokuwa amemwekea baba nacho kimegoma.

"Umeharibu picha?" niliuliza.

"Sijaharibu. Zipo. Haifunguki tu."

"Rahisi sana," nilisema.

"Dada, usianze."

"Ijumaa iliyopita nilikuwa nasikia rahisi. Nataka kuisikia na leo."

"Si mimi niliyeandika hii programu. Huyu mtu aliyeandika hii kitu angefanya..."

Ubao ukainuka: Hiki kitu. Na msigombane.

Mama alituita kula. Tulikula wali na papa kimya, mdogo wangu na mimi, kama tulivyokuwa tukila utotoni baada ya kupigana. Mama akamwekea yeye kipande kikubwa kwa sababu ametoka mbali, na mimi nikakiangalia kile kipande.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa mtu mwingine. Hakuviliza vidole. Alisema tuanze upya, tufute alivyoweka jana, na tuitengenezee programu mahali pake peke yake ndani ya kompyuta, folda lenye Python yake ya 3.9 na vijiprogramu vyake vya zamani, lisilogusana na kitu kingine chochote. Alisema ndivyo inavyotakiwa kufanywa siku zote na kila mtu wa kazi hii anajua.

"Na wewe unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Dada."

Folda likatengenezwa bila matata. Ili uingie ndani yake unaandika amri, na hiyo amri nikaiandika mimi, kwa sababu nilimwambia sitaki siku nyingine kumngoja atoke kuoga. Kompyuta ikanijibu kwamba kuendesha maandishi ya amri kumezuiwa katika mtambo huu.

Kumezuiwa na nani? Kompyuta ni ya baba, imekaa juu ya meza ya mama, na sisi watoto wao tumekaa mbele yake. Sikumjua huyo wa tano aliyezuia. Mdogo wangu alisema ni usalama. Nilisema kompyuta hii mpaka sasa haijafanya jambo moja ambalo mwizi angelitamani. Akaguna, akafikiri, akasema hatuna haja ya kuingia kwa mlango huo. Tuiite tu Python ya humo kwa anwani yake kamili, folda kwa folda. Anwani ilikuwa ndefu kama nasaba. Niliiandika yote, nikakosea mkwaju mmoja wa kutenganishia folda, nikaiandika tena.

Kisha tukavishusha vijiprogramu kimoja kimoja, tukisoma kila lalamiko mpaka mwisho badala ya kulifunika kwa kulaani. Hiki kinasema kile ni kipya mno. Tukakirudisha nyuma. Kile kikanyamaza. Kingine kikasema. Tukaacha kusemezana, isipokuwa namba. Adhana ya Ijumaa ikapita, mdogo wangu na baba wakaenda na kurudi, nami nikawa nimefika mahali ambapo hapakuwa na kilicholalamika.

"Iambie iseme," alisema mdogo wangu akiwa bado na kanzu ya msikitini.

Nikamsogezea baba kompyuta. Nilimwonyesha mahali pa kuandika, kati ya alama mbili za kufungia maneno. Aliandika kwa kidole kimoja. Akabonyeza. Kompyuta ikakaa. Ilikaa hivi hata mdogo wangu akafungua mdomo kusema jambo, na ndipo ikasema, kwa ile sauti ya makamo yenye mikwaruzo:

"Kheri imekuwa mtihani."

Ila haikusema kheri. Ilisema heri, nyepesi, bila ile kh inayotoka kooni. Baba akakunja uso. Akaandika tena neno lile peke yake. Heri. Akajaribu ghali, ikatoka gali. Akajaribu dhahabu, ikatoka zahabu. Akauchukua ubao, akaacha kompyuta, akaandika kwa kalamu: Huyu nani kamsomesha?

"Ni vijana wa siku hizi, baba," nilisema. "Ndio waliomsomesha."

Akaandika: Nimeona.

Lakini hakuiachia kompyuta. Aliirudia. Aliandika sentensi baada ya sentensi, akiyakwepa yale maneno yenye sauti za kooni kama anayekwepa mashimo njiani, na nyingine alizitamkisha kwa hila, akibadilisha herufi mpaka itoke karibu na anavyotaka. Aliagiza chai. Alimwambia mdogo wangu kanzu yake fupi. Aliuliza habari ya mtu aliyemwona msikitini na hakuweza kumsalimu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni tangu neno la kwanza. Nilimtazama nikitegemea furaha. Alisikiliza, mikono ameikunja.

"Si yeye," alisema, akarudi jikoni.

Nilimfuata. Alikuwa akipanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Nilimwambia mama, ndiyo hivyo, haiwezi kuwa yeye, lakini sasa atasema anachotaka. Alisema anajua, na hakatai. "Lakini miezi yote hii," alisema, "nilikuwa nikimtazama mdomo na kusikia sauti yake mwenyewe. Nikikosea maneno, sauti nilikuwa sikosei. Sasa nitamsikia huyu bwana." Jambo hilo halikunipitia kichwani hata mara moja katika ugomvi wote ule wa namba.

Jioni baba aliandika kwamba anataka kumpigia dada yake Unguja. Shangazi hajawahi kutoka kisiwani, na tangu operesheni alikuwa akizungumza na mama tu. Tuliweka simu karibu na kompyuta. Shangazi alipokea.

"Dada, shikamoo," ile sauti ilisema. "Ni mimi."

"Wewe nani?"

Baba akainama kuandika. Shangazi hakungoja. "Nani wewe? Hii namba ya ndugu yangu. Mpe mwenyewe."

"Wifi, ni yeye," mama alisema kutoka kwenye kochi. "Anaandika, na mashine inasema."

"Mimi simjui huyo. Ndugu yangu ana sauti nzito."

"Hana tena, wifi. Nilikwambia."

Kisha shangazi akasema kwa ukali wa mtu aliyezoea kupigiwa na matapeli, "Kama ni ndugu yangu, aniambie mlango wa nyumba yetu ulikuwa na rangi gani."

Baba akaandika. Kidole kimoja, herufi moja moja. Shangazi akaita, "Haloo? Mmekata?" na mama akamjibu, "Hatujakata. Yupo kwenye herufi." Kompyuta ikakaa na maneno yake kama kawaida. Halafu:

"Haukuwa na rangi. Baba alinunua rangi, akaiacha ikauka koponi."

"Ikauka kweli," alisema shangazi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Kisha akaanza kumsema. Alimsema kwa kutopiga simu, kwa kukubali kukatwa bila kumshauri, kwa kuondoka zamani zile, kwa mambo ambayo sisi watoto hatukuyajua. Baba akawa anaandika ngoja, na ile ngoja ikitoka shangazi amekwishahamia jambo jingine, naye akiambiwa ngoja anauliza nini tena, na anaendelea. Mdogo wangu alilazimika kutoka nje acheke. Mama alisogea kwenye kiti kilichokuwa changu, karibu na simu, na kila shangazi alipouliza kama yupo alimjibu, "Yupo, wifi. Bado anaandika. Amekasirika kidogo." Na hilo, safari hiyo, baba hakulisahihisha.

Hayo yamepita. Niliiweka ile anwani ndefu kwenye kitufe kimoja cha kubonyeza ili baba asiione. Kompyuta huniuliza kila mara kama nataka kupandisha hiki au kile kiwe kipya, nami nabonyeza hapana, na mdogo wangu nimemkataza kuigusa bila mimi kuwepo. Siku ambazo inagoma mama hunipigia Ibra katikati ya somo, na hunieleza tatizo hivi: "Yule bwana kanyamaza." Naacha wanafunzi na mlinganyo ubaoni, natoka barazani, nafanya kazi ya kompyuta kwa kupitia macho ya mtu asiyetaka kuiona kompyuta. Nimewahi kupaza sauti. Mama hunijibu nisipaze, yeye si yule mzuiaji.

Na bado ni ya polepole. Nikifika Nizwa Alhamisi namwamkia baba kutoka mlangoni, naye anainama kuandika jibu. Naweka mkoba chini, naingia jikoni kwa mama, anauliza habari za Mudhaibi kama kwamba nimelala huko, ananipa kikombe. Nimekwisha kunywa nusu ndipo sebuleni mtu wa makamo anaposema, "Marahaba."